Joto Haliandikwi

Katika nyumba ile, maji ya kunawa alimimina Bibi. Magoti yake yalilia kama bawaba kavu kila alipoinuka, lakini aliinuka hivyo hivyo, akachukua jagi la plastiki na beseni, akamfuata mwanawe pale alipoketi na kummiminia mikononi. Mjukuu wake, msichana mzima wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwenye magoti mapya kabisa, alibaki pale pale akipanga sahani, akijikuna shingo, akitafuta chumvi iliyokuwa mbele ya pua yake. Siku nyingine alikumbuka ghafla kwamba ameacha mlango wa nyuma wazi. Hakuna aliyemwambia, "Wewe, hebu msaidie bibi yako." Ilikuwa imeshazoeleka, kama kiti kibovu ambacho kila mtu wa nyumbani anajua asikikalie.

Msichana huyo walimwita Chiriku. Jina alimpa baba yake, kwa sababu mama mtu alipokwenda zake kuolewa kwingine, mtoto alibaki na mdomo usiopumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, na akilala usingizini alikuwa bado na la kusema. Sasa Chiriku alitulia kama maji mtungini. Jina lilibaki, ndege akaruka.

Baba yake alikuwa fundi wa betri za magari. Banda lake la mabati liliegemea ukuta wa nyumba, na ndani yake mlikuwa na meza ndefu ya mbao iliyotobolewatobolewa na asidi hadi ikafanana na uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Betri zilipangwa mezani, vifuniko vyake vidogo vimefunguliwa, waya nyekundu na nyeusi zikizilisha umeme. Zamani fundi alizipima kwa macho. Alivuta asidi kwa kipimo cha kioo, akakiinua kwenye mwanga na kusoma boya lilipoelea. Sasa macho hayakuwapo. La kushoto lilikuwa limefunga kabisa, la kulia lilibaki na ukungu mweupe uliojua tu kama ni mchana au la. Basi alipima kwa sikio. Betri ikishiba umeme huchemka taratibu ndani kwa ndani, na yeye aliinamia tundu moja baada ya jingine, akasikiliza.

"Fundi, niambie ukweli tu," alisema dereva wa teksi, mteja wake wa siku nyingi, siku ile ya Ijumaa. "Imekufa au imezimia?"

"Nyamaza kwanza." Fundi alisogeza sikio. "Vyumba vitano vinaongea. Kimoja kimenuna."

"Basi hicho ni cha mke wangu. Nilijua tu kaingia na humo!"

Wakacheka wote wawili, hadi Bibi aliyekuwa akichambua mchele mlangoni akacheka naye. Wakati huo huo Chiriku akatokea getini na mkoba wake wa shule. Dereva akaufyata mdomo, akajifanya anakagua mkanda wa suruali. Msichana akaamkia kwa sauti ndogo, akapita banda la babaye akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayepita mbele ya watu wanaosali.

Bibi alimsindikiza kwa macho, akarudi kwenye mchele wake. Mawe madogo aliyatoa, makubwa akayaacha, mawazo yalikuwa mbali.

Kabla ya mkasa uliompofusha mwanawe, Bibi alikuwa mpishi wa sabuni. Sabuni ya kufulia, ya miche mirefu, waliyoifuata hata watu wa mitaa ya mbali. Aliyeyusha kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, katika ndoo ya maji, akaiweka kando ya mlango wa jiko ipoe, maana kostiki ikiingia majini huchemka yenyewe bila moto wa mtu. Ikishapoa aliimimina ndani ya mafuta na kukoroga kwa mwiko mrefu mpaka rojo lishike. Katika nyumba ile mtoto alijifunza kutoigusa ndoo ya jikoni kabla hajajifunza kufunga vifungo.

Siku ya mkasa ilikuwa mchana wa jua kali. Fundi alikuwa akishusha betri kubwa ya lori, vifuniko vikiwa wazi, kona ikagonga ukingo wa meza, na asidi ikamrukia usoni. Alipiga ukelele mmoja. Chiriku, aliyekuwa ametoka shule, alitupa mkoba akakimbia. Bomba la maji lilikuwa uani, karibu na banda. Alilipita. Bibi alimwona akilipita, akamwona akifika mlango wa jiko, akamwona akizamisha kopo katika ndoo ya kostiki, na yeye alikuwa amesimama na mwiko mkononi, kinywa wazi, sauti haitoki. Sauti ilipotoka, mtoto alishafika kwa baba yake na kopo lilishamwagwa.

Hakuwa na wazimu, wala hakukosea ndoo. Wiki ile ile shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba asidi na besi, kama kostiki, zikikutana huuana, zikabaki chumvi na maji. Mtoto alikumbuka somo lake. Alitaka kuiua asidi iliyokuwa ikimla baba yake.

Hospitalini daktari wa macho alimwita Bibi kwenye veranda. "Mama, hii si asidi peke yake," alisema. Bibi akamweleza yote, maana daktari hafichwi. Daktari akavua miwani, akaifuta. "Mngemmwagia maji tu," alisema. "Maji tu, maji mengi, muda mrefu. Pengine jicho moja lingepona." Bibi alipogeuka, Chiriku alikuwa nyuma yake na chupa ya uji mkononi.

Tangu hapo neno hilo halikutajwa nyumbani, ingawa mitaani lilinong'onwa. Fundi aliporudi nyumbani na kuulizwa na majirani, alisema, "Betri ilinimwagikia," basi. Chiriku aliamini baba yake hajui kilichokuwa ndani ya kopo. Bibi naye hakujua mwanawe anajua nini, na hakuthubutu kuuliza. Mwiko wa sabuni aliuchoma jikoni. Kopo la kuhifadhia kostiki aliwaambia watu amelitupa.

Siku ile ile ya Ijumaa, kabla jua halijashuka, Mwalimu wa kemia akaja. Alikuwa kijana mwembamba, chaki hadi kwenye nyusi, viatu vimepigwa rangi mbele tu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kalia kile, hiki mguu wake mgonjwa."

Mwalimu akakaa, akakataa chai, akaikubali, akaipuliza bila kuinywa. Chiriku alikuwa ametumwa dukani. Fundi alisikika bandani akigongagonga vichwa vya betri.

"Bibi, nimekuja kwa sababu ya Jumatatu," alisema. "Ni mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi anapewa meza yake, asidi yake, kostiki yake. Anadondosha hii kwenye ile mpaka rangi igeuke, anaandika mlinganyo. Wiki iliyopita tuliwajaribu. Chiriku alisimama mbele ya meza tangu mwanzo hadi kengele. Hakugusa hata kitambaa."

"Hakugusa kabisa?"

"Kabisa. Nikampa sifuri, ningempa nini? Na Jumatatu akisimama hivyo, kemia imekwenda. Kemia ikienda, chuo cha uuguzi hawatamtazama mara mbili."

Tangu akiwa mdogo, Chiriku aliwafunga wanasesere bandeji na kuwakaripia wasilie. Bibi aliyajua hayo kuliko Mwalimu.

Mwalimu akatoa karatasi iliyokunjwa, akainyoosha kwenye goti. "Tazama. Siki na kostiki, amepata. Asidi na amonia, amepata. Hata hii ya chokaa, iliyowashinda wenzake wote. Lakini hii ya asidi ya betri na kostiki, rahisi kuliko zote, ameiruka." Kidole chake kilikaa kwenye nafasi nyeupe. "Wasichana wenzake nao hawamsaidii. Wamempa jina. Akipita wanasema, 'Kostiki huyo.'"

Bibi akamsogezea kikombe chake.

"Somo lile nilifundisha mimi," Mwalimu aliongeza, akitazama chai. "Nilisema huuana. Watoto wanapenda maneno kama hayo. Sikuwaambia wakati zinauana panakuwaje." Akanywa chai yote kwa pamoja, ikamuunguza, akaaga.

Jumamosi alasiri Bibi alifuta meza ya jikoni, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja wa uzi, akaita. "Mke mwenzangu! Njoo unifundishe vidudu vyako."

"Vidudu gani, Bibi?"

"Hivi vya kujumlisha na kutoa. Mimi niliishia darasa la saba, nikaambiwa dunia inatosha. Usinifiche elimu."

Chiriku alikaa kwa shingo upande. Aliijua hila ya bibi yake, lakini mtoto aliyelelewa hawezi kumkatalia bibi aliyefuta meza. Akachukua kalamu, akaanza na siki.

"Kwanza unaandika kila kitu kizima kizima, kilichoingia na kilichotoka. Halafu unaviangalia vilivyo majini. Vingine vikiingia majini vinaachana, kila kipande kivyake na chaji yake. Hivyo vipande ndivyo ayoni. Kostiki inaachana yote, sodiamu huku, haidroksidi huku. Siki ni asidi dhaifu. Haiachani hivi hivi, inaachana kidogo sana. Kwa hiyo hatuikati, tunaiandika nzima."

"Kumbe siki ni ndoa ya zamani," alisema Bibi. "Na kostiki ni hawa wa siku hizi."

Pembe ya mdomo wa Chiriku ikainuka kidogo. Bibi aliiona, akajifanya haoni.

"Sasa tazama upande huu na upande huu. Aliye vile vile pande zote mbili, hajabadilika kitu, unampiga mstari. Sodiamu, kwa mfano. Aliingia sodiamu, ametoka sodiamu. Anaitwa ayoni mtazamaji."

"Mtazamaji."

"Ndiyo. Alikuwapo tu. Hakufanya kitu."

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa chafu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja wenyewe juu ya meza, kama unashika mpini. "Na ukishampiga mstari, anakwenda wapi?"

"Haendi popote, Bibi. Yumo humo humo majini. Ni kwenye karatasi tu hayupo."

"Mm," alisema Bibi.

Wakaendelea. Waliandika ya amonia, Chiriku akaeleza jinsi inavyomnyang'anya asidi haidrojeni yake bila hata kuzaa maji. Waliandika ya chokaa ngumu, ambayo haikatwi kwa kuwa haijayeyuka. Sauti ya msichana ilianza kurudi, maneno yakikimbizana kama zamani, kalamu ikigonga meza. Bibi akamwachia mpaka akaona moto umeshika. Ndipo akaweka kidole kwenye nafasi nyeupe.

"Na hii?"

Kalamu ikasimama. "Hiyo naijua."

"Basi iandike, na mimi niijue."

"Naijua, Bibi."

"Sijasema huijui, mama. Nimesema iandike."

Chiriku akaweka kalamu chini, akaanza kuchuna ngozi ya kidole gumba. Nje betri zilichemka taratibu, halafu, kitu kisichokuwa cha kawaida saa hizo, mlio ukakatika. Mtu alikuwa amezima umeme bandani. Nyayo zikaja, mkono ukapapasa fremu ya mlango.

"Kama kuiandika huwezi, isome," alisema fundi. "Mimi sihitaji karatasi."

Chiriku akasimama kama aliyechomwa. "Baba, tulikuwa tunasoma tu."

"Nimesikia. Kazi yangu siku hizi ni kusikia." Akavuta kiti, akakaa. "Mama, leta lile kopo la kostiki lililo juu ya kabati."

Bibi akatazama juu ya kabati. "Lile nililitupa."

"Hukulitupa. Ukifuta vumbi kule juu linatoa mlio, na si mlio wa kopo tupu."

Bibi aliinuka. Safari hii hakuyasikia magoti. Alipanda kigoda, akalishusha, kutu imelizunguka mdomoni, akalishika kwa mikono miwili hadi mezani. Fundi alikuwa ameshamwambia binti yake alete asidi kidogo kutoka bandani, aivunje makali kwa maji, "asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, unajua," na avae glavu za mpira. Chiriku alifanya kila alichoambiwa. Bibi akayeyusha kijiko cha kostiki katika chupa nene ya jemu, akaisimamisha ndani ya beseni la maji.

"Tusubiri ipoe," alisema. "Hii ina joto lake la kuyeyuka. Tukichanganya sasa hatutajua joto lipi la nani."

Wakasubiri. Bibi alitoka akajaza ndoo bombani, akaiweka chini miguuni pao, karibu kabisa, na kopo safi ndani yake. Chupa ilipokuwa baridi kama maji ya beseni, fundi akazungusha kiganja chake kitupu nje ya glasi ya asidi, akageuza uso pembeni.

"Mimina."

"Siwezi, Baba."

"Kidogo kidogo. Mkono wangu uko hapa, utakuambia."

"Baba, tafadhali."

"Jumatatu utaambiwa na watu usiowajua. Leo nakuambia mimi."

Chiriku akainua chupa. Ikatetemeka, ikagonga mdomo wa glasi, kostiki ikaingia kama uzi. Bibi alishika ukingo wa meza. Uzi ukaendelea, ukakatika, ukaendelea.

"Joto linapanda," alisema fundi. "Ongeza."

"Basi, Baba."

"Ongeza kidogo." Uso wake ukakunjamana, si kwa maumivu, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka sauti ya simu ya zamani. Kisha akaachia glasi, akakiweka kiganja kwenye shavu lake. "Ndilo hili," alisema. "Ndilo lenyewe."

Chiriku akaweka chupa chini.

"Asidi naijua," alisema fundi. "Imenirukia tangu ujana wangu, inachoma kama siafu. Siku ile ilichoma hivyo. Halafu kikaja kitu kingine. Kikateleza. Katika nyumba hii nani asiyejua kinachoteleza hivyo? Nikajua ni kostiki. Lakini pakaja joto, na joto lile sikulielewa. Nililala hospitali nikijiuliza lilitoka wapi."

"Ulijua," alisema Chiriku. "Siku zote hizi ulijua."

"Nilikuwa nangoja uniambie. Nikaona huji. Nikadhani labda ukinyamaza ndiyo unapona."

Msichana akaanza kulia, bila kelele, machozi yakidondoka kwenye glavu. Bibi alitaka kumkumbatia, akajizuia. Alihisi kwamba safari hii hapaswi kuingia kati.

"Nieleze," alisema fundi. "Kama unavyomweleza bibi yako. Kilichotokea usoni pangu."

Na Chiriku akaeleza. Asidi inaachana yote. Kostiki inaachana yote. Salfeti ni mtazamaji, sodiamu ni mtazamaji, hao wanafutwa. Wanabaki wawili tu. Akavua glavu, akaichukua kalamu, akaandika huku akisema kwa sauti ili baba yake afuate: ayoni ya haidrojeni, jumlisha ayoni ya haidroksidi, mshale, maji.

H⁺ + OH⁻ → H₂O

"Ni hilo tu?" aliuliza fundi.

"Ni hilo tu."

"Na joto umeliandika wapi?"

"Haliandikwi, Baba. Hapa haliandikwi."

Fundi akatikisa kichwa taratibu.

"Na si joto peke yake," alisema Chiriku. Bibi aliona alikuwa amefika mahali ambapo hakuna aliyemwomba afike. "Kila mmoja anataka mwenzake mmoja. Asidi iliyokuwa usoni ilikuwa matone. Mimi nilimwaga kopo zima. Waliopata mwenzao wakawa maji. Waliobaki walikuwa wengi mno, Baba, na hawakuwa na wa kushikana naye. Wakashika macho."

Kwa mbali mtoto wa jirani alikuwa akiimba akipiga debe.

"Kwa hiyo somo halikudanganya," alisema fundi mwishowe.

"Halikudanganya. Mimi nilidhani limesema yote."

Fundi akanyoosha mkono juu ya meza, ukapapasa karatasi, kalamu, mpaka ukaupata mkono wa binti yake. Akaushika kifundoni. "Sitakuambia si kitu," alisema. "Nikikuambia hivyo utajua nakudanganya. Macho ni macho. Kuna asubuhi naamka nimesahau, nafumbua, halafu nakumbuka. Asubuhi hizo nakuwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani, naikasirikia betri." Akaukaza mkono. "Lakini Jumatatu nenda."

Bibi alichukua ile glasi, akaimwaga shimoni nyuma ya nyumba, akaisuuza mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Ilikuwa bado vuguvugu.

Jumatatu alitoka asubuhi bila kunywa chai. Bibi alimfunga kifungo cha shingoni, ingawa kilikuwa kimefungwa, akakifungua akakifunga tena. Kutwa nzima alifanya kazi zisizokuwapo. Alipanga vyungu kwa ukubwa, halafu akavipanga upya. Fundi naye, betri zilikuwa zikiongea mbele yake, akaziinamia upya kana kwamba hakuzisikia. Dereva wa teksi alikuja na kimzaha chake, akaona hakuna wa kukipokea, akarudi nacho.

Chiriku alirudi jua likiwa limelegea. Alisimama getini kidogo. Bibi aliufunika mdomo wake na kanga, asiulize.

"Nimefanya," alisema msichana.

"Umegusa?"

"Nimegusa. Mikono ilitetemeka, nikamwaga kidogo, Mwalimu akatazama dirishani. Rangi ikageuka, tone moja tu, maji yote yakawa waridi. Nikaandika mlinganyo. Nikawafuta watazamaji." Akavua viatu. "Wakati wa kudondosha nilishika glasi kwa nje, Bibi. Sikuambiwa. Nilishika tu."

"Joto lilikuwapo?"

"Lilikuwapo. Dogo. Wengine hawakulisikia."

Hapakuwa na shangwe. Chiriku hakucheka, wala mdomo wake haukurudia mbio za zamani, na Bibi alielewa kwamba hautarudi, labda kidogo kidogo tu, na si wote. Kufaulu atafaulu. Chuo atakwenda. Na kila atakapoandika mstari ule mfupi wa maji, atamwona baba yake.

Chakula kikapakuliwa. Fundi akaja akakaa mahali pake, akakunja mikono ya shati. Bibi akaweka viganja kwenye magoti, tayari kuinuka, akaona jagi halipo mahali pake.

Chiriku alikuwa amelishika. Beseni lilikuwa mkono wa pili. Alipiga hatua hadi kwa baba yake, akasimama.

Fundi alizijua nyayo za mama yake, na hizi hazikuwa hizo. Mabega yake yakarudi nyuma yenyewe, kichwa kikageukia ukutani, mkono mmoja ukapanda usoni. Ilikuwa mara moja tu, kama kope inavyopepesa, lakini wote watatu waliiona, hata yeye asiyeona. Jagi likatikisika mkononi mwa Chiriku. Bibi alidhani ataliangusha na kukimbilia mlango wa nyuma.

Hakukimbia. "Ni maji, Baba," alisema. "Ya bombani. Nimeyaonja."

Fundi aliushusha mkono taratibu. Akanyoosha viganja juu ya beseni, Chiriku akamimina, akanawa. Kisha badala ya kukung'uta mikono, akainama mbele, akauleta uso wake wenye makovu juu ya beseni.

"Na hapa," alisema.

Chiriku akamimina. Maji yakapita kwenye paji la uso, yakapita juu ya yale macho mawili, yakachuruzika kidevuni.

"Bado," alisema fundi.

Akamimina tena. Jagi likaisha, akachota kwenye ndoo ya maji iliyokuwa karibu, akamimina. Alikuwa akilia na mkono hautetemeki.

"Bado."

Bibi alikaa na taulo magotini, akingoja. Chakula kilikuwa kikipoa mezani, na hakuna aliyekitazama. Ndoo ilipokwisha, Chiriku alitoka uani, wakasikia bomba likifunguliwa.

Fundi alikuwa bado ameinama.